Bukari Hautafunwi

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, mtoto akishaota meno anafundishwa jambo moja la kula kabla ya mengine: bukari, yaani ugali, hautafunwi. Unamega, unafinyanga kwa vidole, unachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, unameza. Anayetafuna bukari ni mgonjwa, au ni mgeni, au anatafuta kitu alichotiliwa ndani. Nilimeza hivyo miaka arobaini na zaidi bila kufikiri. Halafu nikaenda kukatwa tumbo, na dokta akaniambia nitafune kila tonge mpaka liwe maji mdomoni. Nikamwitikia ndiyo dokta, ndiyo dokta. Kichwa kilisikia. Koo halikusikia.

Niseme mapema, mimi ni mwoga. Watu wa sokoni hawaamini nikisema hivyo, kwa sababu nina mdomo. Ninauza vikwembe, yaani vitenge, na mteja akinitajia bei ya matusi namwambia akavae majani ya mgomba. Lakini mdomo ni kitu kingine na moyo ni kitu kingine. Mama yangu alikufa kwa sukari. Walimkata kidole cha mguu, kisha mguu wenyewe, kisha tukazika kilichobaki. Mimi nikashikwa na sukari hiyo hiyo, na presha juu yake, na unene wa kunifanya nipumzike mara mbili toka nyumbani mpaka sokoni. Kila nikiona kidonda mguuni, hata cha mbu, nilikesha.

Mdogo wangu anafanya kazi Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyeniita, akanipeleka kwa madaktari wa huko. Wakanieleza polepole kama wanavyoeleza watoto: mama, tutalipunguza tumbo lako, libaki kama ndizi moja, utakula kidogo, sukari itashuka. Nikasaini karatasi kwa mwandiko ambao mimi mwenyewe sikuutambua.

Aliyejua ni mume wangu tu. Wengine tuliwaambia nimekwenda kutolewa uvimbe. Ungewaambiaje? Sisi ni watu wa Fizi. Hakuna wa rika langu asiye na hadithi ya kukimbilia porini wakati wa vita na kuchemsha majani ambayo hata mbuzi angeyauliza jina. Kwetu mtu akinenepa, watu wanasema Mungu amemkumbuka. Sasa mimi nisimame mbele yao niseme nilivuka ziwa kwenda kukatwa ili nisile? Eh! Wangenicheka mpaka Kazimia. Na mume wangu yuko huko huko Kazimia, ananunua samaki, anakaa hata wiki mbili ndipo anarudi. Alisema, "Hii maneno ibakie ya sisi wawili." Ikabakia.

Nilirudi kwa boti ya Kigoma, nikiwa na makovu madogo matano tumboni, makopo ya vidonge, na karatasi ya masharti ambayo niliikunja mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kwanza supu ya maji. Kisha uji. Kisha vilivyopondwa. Usinywe maji wakati wa kula. Usile haraka. Mstari wa mwisho ndio ulionitesa: ukipata homa, moyo ukienda mbio, bega la kushoto likiuma, fika hospitali mara moja. Mara moja! Toka Baraka! Aliyeandika hajaona barabara yetu mvua ikinyesha. Kufika kwa mtu anayejua kushona tumbo la namna ile ni kuomba Mungu, na boti, na mto usijae, na barabara isifungwe na wenye bunduki. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kusali, nilikuwa nikiligusa bega langu la kushoto. Liliuma. Liliuma kila siku, kwa sababu kila siku nililigusa.

Nilikula kwa kijiko cha mtoto. Vijiko vinne vya uji, na kifua kinajaa kama nimemeza ngumi. Siku moja, kwa mazoea tu, nikatia sukari kwenye chai, vijiko vitatu kama zamani. Haikupita robo saa: jasho, mapigo ya moyo, mikono ikawa baridi, nikalala chini kwenye sakafu ya sebule nikasema basi, ndiyo leo. Nilimwona mama yangu waziwazi. Baadaye nikampigia mdogo wangu, akamuuliza dokta, dokta akacheka kidogo akasema ni sukari imekimbia haraka tumboni, asirudie. Kicheko chake kilinikasirisha wiki mbili. Tangu siku hiyo chai yangu ni ya majani matupu, na hata hiyo naipuliza na kuitazama kabla ya kuinywa.

Unene ulitoka kwangu kama maji kwenye debe lililotoboka. Mashavu yakaenda, mikono ikalegea, nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Sokoni watu wakaacha kuniuliza habari, wakaanza kuniambia pole. Mmoja akanishika mkono akaninong'oneza, "Mama, ulipima?" Nilijua anachouliza. Nikamwambia anunue kitenge au anipishe.

Nyuma ya lupango letu, yaani kiwanja chetu, anakaa mama mzee, mjane, ambaye wote tunamwita koko kama tunavyowaita wazee wote. Wanaume wawili amewazika, watoto wamesambaa, kabaki binti mmoja kule Lweba. Asubuhi anakaanga bitumbura, maandazi ya kwetu, anaviuza kwenye meza ndogo kando ya njia, na nusu ya watoto wa avenyu yetu wamekuzwa kwa bitumbura vyake vya bure. Nilipokuwa Dar es Salaam ndiye aliyefagia kiwanja changu na kulisha kuku wangu. Nilipotimiza wiki ya sita akaja mlangoni.

"Mutoto, siku zote hizi uko unakunywa bimaji kama mugonjwa wa malaria," alisema. "Kesho utakuya kula kwangu. Nitakupikia sombe."

Nikaitazama karatasi yangu. Wiki ya sita: chakula laini. Nikajiuliza, kuna kitu laini kuliko bukari? Huo ndio ujinga wangu, nauandika hapa wazi.

Tulikuwa wanawake saba, pamoja na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Wifi ni mwanamke wa sala na wa sauti, na kama ni kunipenda, ananipenda kwa nguvu hivyo hivyo. Koko alipika bukari wa muhogo, mweupe, unaometa, na sombe ya mawese yenye ndakala, dagaa wa ziwani. Harufu ile! Nilitaka kulia. Koko akamega wa kwanza, akala, kama inavyofanywa. Nami nikamega. Tonge la ukubwa wangu wa zamani, nikachovya, nikameza. Likafuata la pili. La tatu likakataa.

Sijui nieleze vipi. Halikushuka wala halikupanda. Kifua kikafungwa, mate yakaanza kumwagika yenyewe, mazito, yenye povu. Nilisimama ili nitoke nje, nikafika kwenye jiko, nikaanguka kwa magoti. Povu likatoka mdomoni na puani. Nikatapika, na kilichotoka kilikuwa kidogo, na maumivu yakawa makubwa kuliko kuzaa. Niliwaza kitu kimoja tu: mshono umefunguka. Niko Baraka na mshono umefunguka.

Nyuma yangu nikamsikia wifi. Hakupiga kelele. Alisema neno moja, "Sumu."

Msomaji wa mbali hawezi kujua neno hilo kwetu lina uzito gani. Hapa mtu akikonda, ametiliwa. Akitapika chakula cha mtu, hakuna maswali mengi. Koko alikula kwanza? Basi sumu ilikuwa chini ya ukucha. Wote tulikula sahani moja na wengine wazima? Basi ilimlenga yeye. Na koko ni mjane wa waume wawili, anakaa peke yake. Kwa watu wanaotafuta, hiyo ilitosha.

Mshono haukufunguka. Baada ya saa moja tonge lilitoka, nikalala, nikaweza kunywa maji kwa kijiko. Dokta, kwa simu ya mdogo wangu, akauliza, "Alitafuna?" Mdogo wangu akaniuliza, "Ulitafuna?" Nikakata simu.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na akili, wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu akinipangusa uso. Maneno yalikuwa machache: si sumu, nilikatwa tumbo, nilimeza vibaya. Nikamtazama wifi, nikamwona akisimulia kanisani, nikaona benchi zima la wanawake likitikisika kwa kicheko. Nikafunga macho. Niliogopa kuchekwa. Naandika hivyo, siandiki kingine.

Kesho yake wifi alikuja na chupa ya maji ya kijani, dawa ya kutapisha, ameifuata kwa mganga.

"Kunywa yote. Sumu itatoka, utaiona na macho yako."

Dokta alikuwa amenionya: kutapika kwa nguvu kunaweza kulichana tumbo. Nikamwambia nitakunywa nikishasali, peke yangu. Alipotoka nikaimwaga chooni, nikamrudishia chupa tupu. Akamshukuru Mungu. Siku tatu zikapita sijanenepa, na wifi akatangaza kwamba dawa imeshindwa, sumu imeshaingia kwenye mifupa, hiyo ni sumu ya muntu mwenye kuijua kazi. Uongo wangu wa chupa ulikuwa umemkaza koko kamba nyingine.

Bitumbura vya koko havikununuliwa tena. Nilikuwa naiona meza yake kupitia dirisha langu: sahani imefunikwa kwa kitambaa, na yeye amekaa nyuma yake tangu alfajiri mpaka jua linachoma. Watoto waliambiwa wapite upande wa pili wa njia. Siku ya tano jiwe lilianguka juu ya mabati yake mchana kweupe, na hakuna aliyeuliza nani kalitupa. Siku ya sita alikuja kwangu na bakuli la uji limefunikwa.

Wifi alikuwa mlangoni. "Unakuya kumalizia?" alimwuliza.

"Ninakuya kuona mutoto," koko alisema.

"Mutoto gani? Rudia kwako, we muzee, kabla sijasahau kama niko mukristo."

Nilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu tu. Nilizishikilia pumzi zangu ili asinisikie nikipumua. Koko akaangalia bakuli lake, akageuka akaenda zake. Nilikaa chini nikalitafuna pindo la kikwembe changu. Kumbe najua kutafuna.

Siku ya tisa, Jumapili baada ya ibada, chefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, akatuita kwake. Mume wangu alikuwa amefika kutoka Kazimia asubuhi hiyo hiyo, bado ananuka samaki. Lupango la chefu lilijaa. Nilizoea kumwona kila mmoja wa watu wale. Ni wateja wangu, wengine nimewakopesha chumvi. Siku ile nyuso zao zilikuwa kama mlango uliofungwa. Vijana wa ukoo wa mume wangu walisema bila kificho: muzee atoke Baraka leo, ao nyumba itaungua, na kama yuko ndani, shauri yake. Koko alikaa kwenye kigoda peke yake, mikono juu ya magoti. Alikuwa amevaa kikwembe chake kizuri cha kanisani. Nilimuuzia mimi.

Chefu akanigeukia. "Mama, ni weye ulipatwa. Sema mbele ya bantu. Ulikula nini, kwa nani?"

Nikasimama. Mume wangu alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Niliona kwamba nikisema "nilikula bukari kwa koko" na kukaa, nitakuwa sijadanganya hata neno moja, na jua halitazama kabla ya nyumba ile kuwaka.

"Si sumu," nilisema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto. "Nilikatwa tumbo. Dar es Salaam. Nilienda mwenyewe, nikaomba walipunguze, juu ya sukari. Sipaswi kumeza bila kutafuna. Nilimeza. Koko hana kosa."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. "Kukatwa tumbo asikule? Muntu muzima?" Nilipandisha blauzi mbele ya chefu, mbele ya vijana, nikaonyesha makovu matano. Wanawake wakaziba midomo. Kicheko nilichokiogopa tangu Dar es Salaam kilikuwa hiki, na nakuambia, kilinipita kama upepo, kwa sababu nilikuwa naangalia mikono ya wale vijana.

Wifi hakucheka. Alikuwa analia. "Bamemufunga akili," alisema. "Alituambia uvimbe. Makovu ni ya uvimbe. Huyu muzee amemufunga akili ili amutetee." Na watu wakaanza kuitikia eeh, eeh. Hivyo ndivyo uongo unavyolipwa. Siku nilipousema ukweli, uongo wangu wa zamani ulikuwa umeshakaa kwenye kiti chake.

Mzee mmoja akasema, "Kama haiko sumu, akule bukari ya koko hapa tumuone."

Chefu akakubali. Unga ukaletwa wa kwake chefu, sufuria ya chefu, maji ya chefu. Koko akaambiwa asonge mbele ya macho ya wote, kucha zake zikaangaliwa kama za mtoto wa shule. Alisonga, akaepua. Nami nikasimama pale najua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua: kwamba si lazima pawe na sumu. Tonge moja likishuka vibaya, povu likitoka tena, wamemuua. Koo langu lilikuwa limekauka kwa woga, na maji sikuruhusiwa.

Nikamega kipande kidogo, ukubwa wa karanga. Nikatia mdomoni, nikaanza kutafuna.

Mnajua bukari unavyotafunika? Hautafuniki. Unateleza, unanata kwenye meno, unataka kwenda wenyewe. Nilitafuna na watu mia wakinitazama mdomoni, wengine wakigeuza nyuso kwa aibu, maana mtu mzima anayetafuna bukari hadharani ni kama mtu anayeoga hadharani. Nilihesabu mpaka thelathini. Nikameza. Kikashuka mpaka katikati ya kifua, kikasimama.

Yesu wangu.

Sikusogea. Nilipumua kwa pua. Koko alikuwa ananitazama, na uso wake haukuwa na hasira wala maombi, ulikuwa umechoka tu. Kikasogea. Kikashuka. Nikamega kingine. Nilikula vinne, kila kimoja nikikiaga kama mtu anayevuka mto uliojaa. Kisha chefu akasema tungoje, na tukangoja, watu wote wale, mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia miguuni. Sikutapika.

"Basi," chefu alisema. "Imeisha. Murudie makwenu." Vijana wakaondoka wakipigana mabega, wengine wakianza kuiga nilivyokuwa natafuna. Wifi akapita karibu yangu bila kunitazama. Nikaenda kwa koko, nikapiga magoti, nikamshika mikono, ilikuwa bado na unga.

"Ulijua tangu siku ya kwanza?" aliniuliza.

"Ndiyo, koko."

"Na siku nilileta uji, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya rido."

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Wiki ile ile akafunga mizigo yake kwenda kwa binti yake Lweba. Nilikimbia kwake asubuhi, nikamkuta pikipiki imeshafungwa sufuria na mkeka. Nikamwambia koko, kwa nini, umeshasafishwa, chefu amesema, hakuna atakayekugusa tena. Nilisema mengi, na nilikuwa nalia kwa sauti, njiani, watu wakiona.

Alipanda nyuma ya pikipiki, akatengeneza kikwembe chake vizuri kisiingie kwenye gurudumu.

"Weye ulikuwa na makovu ya kuonyesha," alisema. "Kesho mwingine atatapika, na huyo hatakuwa na kovu. Miye nitaonyesha nini?"

Dereva akauliza kama waende. Koko akamwambia aende.